Daftari la Mfongo

Bibi Ndeanka hakujua kuandika.
Alichovya gumba kwenye wino, akasema:
andikeni, maji ya Jumanne ni yangu,
na Jumanne hii yamekuja ya buluu.

Huo ndio ukurasa wa kwanza.
Juu yetu shamba kubwa la kahawa
lilikuwa likipulizia mrututu,
na mfongo, kwa kuwa ni mfongo,
ulishuka na chochote ulichopewa.

Ukurasa wa kumi na tisa, mwandiko wa baba:
Mbuzi wawili. Migomba ya chini imekauka ncha.
Nimeshuka Moshi mjini kwa miguu.
Bwana Afya yuko likizo.
Wa ishirini: Nimeshuka tena.
Unaofuata ulilowa, hausomeki,
ila hilo neno, tena.

Wenye shamba wamebadilika mara tatu.
Kibao kimepakwa rangi upya.
Dawa nayo siku hizi haina rangi,
inakuja imevaa maji.

Kwa hiyo kila Jumanne nakinga chupa,
naibandika tarehe,
naipandisha darini, penye mikungu ya kuivisha.
Ziko mia mbili na kumi na nne.
Hakuna aliyewahi kuja kuziomba.

Jana Aikaruwa, wa darasa la nne,
alilifunua daftari:
Mama, mbona hadithi hii haiishi?
Nikamwonyesha kurasa tupu. Sita.
Akazihesabu mwenyewe, hakuniamini.

Kisha akaenda dukani kwa Ngowi
na pesa niliyompa ya chumvi,
akarudi na daftari jipya, la mistari mipana.

Tulikula mtori hivyo hivyo.