Mtoto wa Jicho

Naiosha gari leo, uani kwetu Rau.
Manyunyu ya Julai yananifanyia nusu ya kazi.
Tope jekundu la Kondoa linatoka kwanza,
kisha vumbi jeupe, sijui la Dodoma au la Mtera,
na huku chini, limeng'ang'ania matairi,
jeusi la Njombe, zito kama ugali wa msibani.

Wewe umo ndani, Ndetaulwa, umejifunika mpaka masikio,
unaisikiliza redio. Jumatatu ni KCMC.
Tulizaa wanne. Huyu wa tano, mtoto wa jicho,
umemlea peke yako miaka mitatu, kimya,
mpaka siku ulipoimimina chai kando ya kikombe
ukaisingizia meza.

Ukasema: kabla hawajanigusa, niipite tena ile njia
niliyoendesha lori la mahindi toka Makambako.
Nikasema: utaipitaje?
Ukanitupia ufunguo.
Miaka thelathini na moja ya ndoa,
ufunguo ule nilizoea kuusikia tu, ukilia mfukoni mwako.

Basi mimi nikashika usukani, wewe ukaishika barabara kichwani.
"Makuyuni punguza, kuna ng'ombe."
Hapakuwa na ng'ombe, palikuwa na trafiki.
Elfu thelathini.
"Ukipita Bereko kona tatu, ya tatu ina korongo."
Nikahesabu. Moja. Mbili. Korongo likawepo,
nawe ukatabasamu kabla sijakuambia.
"Mbele ya Kondoa mchanga. Shusha gia, utazama."
"Ni lami, Baba Kiwia."
"Lami?"
"Lami mpaka Dodoma."
Ukanyamaza kama mtu aliyepashwa habari ya msiba
wa rafiki aliyekuwa akimdai.

Mtera tulikula perege kwenye mwanga wa kibatari.
Miiba uliichambua wewe, yako na yangu,
vidole vyako vikiona kuliko macho yangu mawili.

Na Njombe! Njombe baridi haibishi hodi.
Nyumba ya wageni, ndoo moja ya maji moto,
wewe ukavaa soksi zangu, mimi koti lako,
tukalala kama vijiko ndani ya droo.
Alfajiri ukataka kutoka. Nikakushika mkono.
"Nini hiki kinachovunjika chini ya viatu?"
Sakitu, nikasema. Nyasi zimevaa chumvi.
Ukainama, ukainama zaidi, pua karibu na majani.
"Hii naiona," ukasema. "Weupe huu naona."
Tukasimama pale, wazee wawili wanaotetemeka,
mpaka jua likaja likailamba yote.

Wakati wa kurudi tuligombana Mafinga, sababu ya klachi.
Ulisema nakoroga gia kama mtu anayesonga kiburu.
Sikukujibu. Tulianza kusemeshana tena Dodoma,
na hapo ni kwa kuwa ulitaka maji.

Bomang'ombe, saa nne asubuhi, ukafungua kioo
ukatoa uso nje kama mbwa wa tajiri.
"Mlima umetoka?"
Nilitazama. Wingu tupu, la kijivu,
limeshuka mpaka kwenye migomba ya Machame.
"Umetoka," nikasema. "Wote. Kibo na Mawenzi."
Ukacheka hadi ukakohoa.
"Julai hii? Aikaeli, umeanza lini uongo?"
Kisha ukaegemeza kichwa kwenye kiti, ukafumba macho,
yale yale usiyoyahitaji:
"Haya. Theluji imeshuka mpaka wapi?"

Nikapunguza mwendo, malori yakitupigia honi,
nikaanza kukusimulia kutoka juu.

Maji ya ndoo yamekuwa mekundu. Ni ndoo ya tatu hii.
Unaniita dirishani: nisisahau kupima oili.
Nimeshapima. Nakujibu bado,
ili utoke nje, uje unielekeze.