Maneno Yasiyozidi Mia Mbili na Hamsini

Sanduku la kwanza linataka jina la mradi.
Naandika: Mteremko. Nafuta.
Orysia, miwani puani, unga mpaka viwikoni,
asema Wakfu wa Mkoa hautoi ruzuku kwa neno moja.
Basi tunaandika: Ufikiaji Jumuishi wa Ukumbi wa Kalyna,
tunatazamana, tunacheka,
maana tunachotaka ni mbao,
mbao na misumari, na zege kidogo la kushika nguzo
ardhi ya Manitoba itakapokubali kuchimbwa.

Elezeni hitaji.

Hitaji ni vidato vinne.
Hitaji ni Februari, digrii thelathini na moja chini ya sifuri,
na Wasyl Hnatiuk ndani ya gari la mpwawe, injini ikinguruma,
siku tuliyomzika Paraskeva,
akila chakula cha matanga ya mkewe
kwenye sahani ya karatasi tuliyompitishia dirishani,
kwa kuwa kiti chake cha magurudumu hakijui kupanda
na mwenyewe hataki kubebwa kama gunia la ngano
mbele ya watu aliowauzia ngano.

Siandiki hayo.
Naandika: asilimia thelathini na nane ya wakazi
wamevuka umri wa miaka sabini.
Nayo ni kweli. Ukweli una nguo za nyumbani
na nguo za kuendea ofisini.

Elezeni matokeo yanayopimika.
Delphine, mweka hazina, ametoka nje na utepe wake,
anarudi pua nyekundu: inchi ishirini na nane kwenda juu,
kwa hiyo futi ishirini na nane za mbao.
Ndiyo kanuni, asema,
kila inchi ya kupanda, futi nzima ya kwenda.
Nikaitazama fomu, ukurasa wa tatu kati ya kumi na moja,
nikaielewa kanuni.

Mchango wenu.
Mkono mtupu haulambwi, hata na Wakfu.
Tumeuza pirohi dazeni mia mbili na kumi,
za viazi, za kabichi, na zile zilizopasuka kwa nusu bei.
Saa za Orysia jikoni: mia moja na nne.
Fomu yauliza saa yake moja ni dola ngapi.
Orysia naye anauliza.

Barua za kuunga mkono ni tatu.
Ya padri ni ndefu.
Ya zimamoto ina muhuri.
Ya Wasyl, kwa penseli, nyuma ya kalenda:
Mimi sihitaji kitu. Labda wengine.
Tukaiambatisha hivyo hivyo.

Mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni.
Saa kumi na dakika ishirini mtandao ukakata roho.
Delphine akaibeba kompyuta kifuani kama kuku mgonjwa,
akaendesha hadi duka la ushirika, mji wa pili,
akaituma akiwa maegeshoni, dakika sita zikibaki,
kisha akakaa garini akila baga,
hakumpigia mtu simu.

Juni, barua. Tunafurahi kuwajulisha.
Aya ya kwanza tulishangilia.
Aya ya pili tulinyamaza:
walikuwa wamekata robo.
Tukaketi na penseli, nasi tukakata.
Taa, ikaenda. Rangi, ikaenda.
Reli ya mkono ikabaki upande mmoja,
wa kulia, kwa kuwa mkono wa kushoto wa Wasyl
haushiki tena,
ingawa katika kumbukumbu za kikao sababu ni gharama.

Sasa wanataka ripoti.
Ambatisheni picha ya wanufaika wakitumia mradi.
Wasyl amekataa. Yeye si bango, asema.
Kwa hiyo Delphine alikwenda Jumapili,
asubuhi ya theluji ya kwanza, akapiga hii:
mbao tupu, reli moja,
na mistari miwili myembamba ya magurudumu
ikipanda hadi mlangoni.

Ya kushuka haimo.
Alikuwa bado ndani,
akilalamika kwamba supu haina chumvi.