Egesha Ukitazama Barabara

Somoe ana sheria moja kwangu
kabla ya zile kumi na saba za mpira:
"Egesha ukitazama barabara."
Nami huigeuza pikipiki,
pua yake Newala mjini, mkia wake uwanjani,
ufunguo ndani, mguu wangu juu ya kiki.
Ndivyo tunavyokwenda kuchezesha watoto.

Jumamosi ile ilikuwa Mnyambe na Kitangari,
chini ya miaka kumi na mitano,
ingawa mmoja wao, nakuapia, alikuwa na ndevu.
Msimu wa korosho. Mnada umelipa,
na mwanamume mwenye pesa mbichi mfukoni
huona kila kona ni haki yake.
Zawadi, mbuzi, amefungwa kando, analia.

Akaanza kama kawaida yake:
akatikisa milingoti ya goli,
akakuta mmoja unacheza kama jino la utoto,
akaagiza jiwe na kamba.
Akakagua njumu. Akamvua beki pete ya shaba,
"Utaichukua tukimaliza."
Mwenye raba iliyochanika akamfunga kwa mpira wa baiskeli.
Hakuna aliyempigia makofi kwa hayo.

Dakika ya hamsini, sare,
Chilumba, mfungaji wao, akagongana na beki.
Mlio ule niliusikia nje ya uwanja,
nazi inapokutana na nazi.
Akainuka. Akachukua mpira,
akaanza kukimbia kuelekea goli la kwao.
Filimbi.
"Leo siku gani?"
Mtoto akatazama vidole vyake.
"Likizo."
"Huyu hachezi tena."

Kocha: "Mmwagieni maji tu!"
Baba mtu, ameshavuka mstari:
"Mwanangu namjua mimi! Wewe umezaa wangapi?"

Bibo la kwanza likapita juu.
La pili likampata begani.
La tatu sikuliona,
maana nilikuwa nakanyaga kiki.
Naliandika hili kwa sababu hakuna aliyeniuliza:
nilikuwa nakanyaga kiki.

Yeye hakukimbia.
Alisimama kati ya mtoto na watu,
mikono nyuma, kama anayeficha kitu,
mpaka mama muuza barafu akamlaza Chilumba
chini ya mwavuli wake, akamwekea vipakiti vitatu kichwani
bila kuuliza nani atalipa.

Doa la bibo halitoki, wenyeji mnajua.
Alifua mara tatu,
na kwetu Newala maji ni ya kununua.
Njano ya jezi ikabaki na ramani ya kahawia begani,
nchi isiyo na jina.
Usiku akaandika ripoti kwa mwanga wa simu:
jina la kocha, jina la baba,
mabibo, takribani kumi na moja.
Kalamu ikasimama.
"Na wewe niandike ulikuwa wapi?"

Chamani wakamwambia, vumilia dada,
ndio mpira wetu.
Miaka kumi na tisa. Posho elfu nane,
na nauli yangu humo humo.
Mwamuzi awalinde watoto, wanasema.
Sawa.
Na yeye ni mtoto wa nani?

Wiki mbili baadaye, Malatu.
"Egesha ukita..."
Nilikuwa nimeshazima.
Nikaielekeza taa uwanjani,
ufunguo nikauvaa shingoni kama hirizi,
nikaenda kusimama mstarini
bila filimbi, bila kadi,
na mgongo tu.
Sijui kama unatosha. Magoti yalikuwa na maoni yao.

Chilumba alikuwepo, mganga kamkataza kucheza,
anaokota mipira inayotoka.
Baba yake pia, upande wa pili.
Hatukusalimiana.
Mfukoni mwake, au mkononi, sikuona vizuri, kulikuwa na kitu.

Somoe, ramani begani,
akaushika mlingoti wa kwanza, akautikisa.