Siku ya Tatu, Beleshi

Kwetu Muheza hodi ni tatu.
Ya kwanza ya kikohozi, ya pili ya jina,
ya tatu unaipiga mguu umeshageuka,
na nyumba ikinyamaza, umejibiwa.

Hapa Hamilton, uchochoro wa nyuma ya Barton,
kengele haina hesabu.
Saa nne asubuhi, nimetoka zamu ya usiku,
mikono bado inanuka sabuni ya wazee wa watu,
ndiyo kwanza usingizi umenishika kisigino,
ngriii! Na tena. Na tena,
kama mtoto aliyegundua sufuria.

Kijana. Koti la buluu, tableti kwapani,
kitambulisho kinaning'inia kifuani kama hirizi.
Colby, anasema. Mwenye nyumba yupo?
Nyumba ni yangu mimi na benki,
lakini nikamwambia mwenyewe kasafiri.
Kesho yake akarudi na jina langu,
amelikata vipande viwili, chote kibovu.

Anataka kuona boila.
Si maji ya kunywa, si kuulizia njia: boila,
lililo chini ya ngazi na masanduku
ambayo hata mume wangu hajui yana nini.
"Serikali inataka," anasema.
Serikali ipi, mwanangu,
inayotuma mtoto Februari bila glavu?

Bi Filomena wa jirani alimfungulia mwenzake mwaka juzi.
Mreno, mjane, mkarimu.
Alitia saini apate kuwahi supu isiungue.
Sasa mashine anailipia kila mwezi, miaka kumi,
na supu iliungua vilevile.

Nikabandika karatasi mlangoni: WACHUUZI HAPANA.
Akaisoma yote, akabonyeza kengele,
akasema yeye si mchuuzi, ni mshauri.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu kaja, mwenyeji kalala sakafuni,
mwanamke wa miaka hamsini na tatu
nimebana pumzi ndani ya nyumba ninayoilipia,
natazama kivuli cha buti chini ya mlango.
Ndipo nikamsikia anajisomea.
Maneno yaleyale, kwa sauti ndogo,
anakosea palepale, anaanza upya,
kama mwanafunzi wa chuoni aliyeahidiwa bakora.

Nikainuka. Magoti yakalia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe sina. Nikampa beleshi la theluji.
"Ngazi hizo," nikasema, "mpaka barabarani. Kisha tuzungumze."
Akalitazama beleshi. Akaitazama tableti.
Akaniomba nimshikie tableti.

Mtaa mzima ulikuwa mle, nyumba kwa nyumba,
nyekundu, nyekundu, nyekundu,
Filomena peke yake kijani.
Hulipwa, aliniambia baadaye, mtu akisaini tu.
Mwezi ule hakuna aliyesaini.

Alikunywa chai wima, kizingitini,
tangawizi ikimtoa kamasi na aibu pamoja.
Alipoanza, "Sasa, kuhusu boila..."
nikamwambia: chai nakupa, saini sikupi.
Akacheka. Jino la pembeni limevunjika.
"Na ukija tena, usiguse kengele.
Piga hodi, mara tatu, kwa nafasi.
Kimya kikikujibu, nenda zako."
Akairudia hodi mara mbili tatu, akiionja,
akaiweka mfukoni pamoja na vidole vyake.

Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya;
nililala mpaka nikaota.
Jumatano, saa nne, usingizi kisiginoni,
si kengele. Ni kidole mlangoni,
na sauti ngeni, ya msichana,
zote tatu kwa pumzi moja:
"Odi-odi-odi."

Nikachungulia. Koti la buluu lilelile,
tableti kwapani,
na beleshi langu, nililolisahau barazani,
keshalishika.

Nilitaka kunyamaza. Wallahi nilitaka.
Ulimi, mtoto wa Muheza, ukanitangulia:
"Karibu."