Kalamu Iliyofungwa Kamba

Waraka ulifika Jumatatu, kurasa mbili:
wananchi waulizwe, wananchi waandike,
taifa zima lizungumze, kwa utulivu.
Meya aliusoma amesimama, koti bado mwilini,
akaniambia, "Ghislaine, tuna daftari?"

Hatukuwa nalo. Nilikwenda dukani kwa Perrodin,
nikanunua la miraba, kurasa tisini na sita,
yuro moja na senti arobaini, risiti ninayo.
Nikaliweka kwenye meza ya kuandikishia ndoa na vifo,
nikafunga kalamu kwa kamba ya katani,
maana hapa Vaubrelles kalamu zina miguu.

Siku tatu hakuna aliyeligusa.
Waliingia kulipia maji, kuomba kibali cha kukata mti,
wakalitazama kama mtu amtazamavyo mbwa asiyemjua.
Siku ya nne akaja Odile, mwenye ng'ombe kumi na wanane,
akaandika bei ya maziwa. Bei tu.
Akaipigia mstari mara mbili.

Ndipo likafunguka.
Wodi ya wazazi imehamishwa, sasa ni dakika hamsini kwa gari,
mjukuu wangu kazaliwa kwenye maegesho ya malori.
Treni ya saa kumi na mbili irudi.
Tupige kura juu ya sheria, si juu ya sura.
Mafuta. Mafuta. Mafuta.
Mzee Anselme alijaza kurasa sita kwa mwandiko wa shule ya zamani,
ya saba akaandika jina la marehemu mkewe
na saa ambazo gari la wagonjwa lilichelewa.
Mtoto fulani alichora kipilefti,
moto wa mbao katikati, watu wenye fulana za njano,
wote hawana midomo. Alisahau, nadhani.

Kisha ikaja fomu, masanduku manne:
Kodi. Mazingira. Demokrasia. Muundo wa serikali.
Panga maoni, wakasema.
Nilikaa mpaka taa za barabarani zikazimwa,
saa tano usiku, kubana matumizi,
bado namtafutia mke wa Anselme sanduku.

Naibu waziri alikuja Ijumaa, ukumbi wa mazoezi,
viti mia mbili chini ya nyavu za mpira wa kikapu,
kila mtu dakika mbili, na saa nyekundu ukutani.
Alisikiliza vizuri, nisimsingizie:
alivua koti, alikunja mikono ya shati,
alisema "nimekusikia" mara thelathini na moja.
Nilihesabu; kuandika kumbukumbu ndiyo kazi yangu.

Gaëtan hakuja ukumbini.
Alikuja Jumamosi, nikikaribia kufunga,
na kile kitambaa juu ya jicho
pale risasi ya mpira ilipompata, Desemba, kwenye daraja la reli.
Mkono ule ulioezeka nusu ya mapaa ya hapa
ulishika kalamu, ukashuka kutafuta mstari,
ukaukosa.
Jicho moja halijui umbali.
Ncha ilitua mezani, ikavuta wino mrefu kwenye mbao.
"Samahani, Ghislaine."
Akajaribu tena, akakosa tena, akacheka kidogo,
akaiacha kalamu ining'inie.

Daftari lilichukuliwa na gari la mkoa.
Mwezi wa sita nikapiga simu.
Limepigwa picha, limo kwenye boksi,
boksi limo ghalani, ghala lina joto linalofaa.
Yule kijana wa simu alilisisitiza hilo joto.

Meya anataka alama ile isuguliwe.
Siku moja niliweka juu yake chungu cha maua,
funika kombe, mwanaharamu apite.
Kesho yake nikakiondoa.

Maharusi hutia sahihi karibu nayo.
Wengine huuliza ni nini.
Nawaambia ni ukurasa wa tisini na saba,
hawaelewi, wanaivuta kalamu,
na kamba, ambayo sijaifungua, inawatosha kwa shida.