Kapteni, Tukuandike Ngapi?

Kwenye kikao cha harusi ya Ng'washi, kule Igoma,
baba mdogo Luhende alifungua daftari la michango,
akalamba kidole, akamtazama Masalu:
"Kapteni, tukuandike ngapi? Milioni mbili?"
Watu wakacheka kile kicheko cha heshima.
Mimi ndiye niliyekaa naye benchi moja.
Niliona goti lake linavyocheza chini ya meza.

Si kapteni. Ni msaidizi, kiti cha kulia,
mistari mitatu begani, wa nne ungali benki
pamoja na kiwanja cha mama cha Buswelu
kilichogeuka masaa mia mbili ya kujifunza kuruka
kwenye nchi ya watu, kwa dola.
Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa.
Nami naongeza: ukiona vyapaa, vimekopwa.

Usiku ule, watoto watatu wa tumbo moja,
tulitandaza karatasi zetu za mshahara mezani
kama tulivyokuwa tukilinganisha makovu.
Ya Kabula, muuguzi, wodi ya wazazi.
Yangu, ya kiwanda cha samaki, Igogo:
kilo za minofu nilizochuna,
toa glovu zilizochanika,
toa siku mbili za mgongo.
Ya Masalu ilikuwa ndefu kuliko zote,
na tarakimu ya juu ilitufanya tupige mluzi.
Tukateremka nayo mstari kwa mstari,
kodi, bima, mkopo, mkopo wa kulipia mkopo,
hadi chini kabisa, pale pesa inapogusa ardhi.
Kabula akasema, "Mbona huku tunakaribiana?"

"Silipwi mpaka magurudumu yaondoke," akajibu.
Ukungu ukilalia ziwa tangu alfajiri hadi saa nne,
masaa hayo ni ya bure,
amefungwa tai na mkanda, anasikia abiria wanavyomlaani
kana kwamba ukungu kaupika yeye.
Nikacheka. Mimi je? Lori la sangara likichelewa
nasimama na kisu mkononi,
na kisu kilichosimama hakina kilo.
Kabula hakucheka.
Yeye hajawahi kumwambia mtu anayesukuma mtoto
subiri kwanza, bado hawajanilipa.

Tukaja kwenye daktari.
Kila mwaka Masalu hupimwa macho, moyo, sukari.
"Presha ikipanda," alisema, "mimi nashuka."
Mgongo wangu hajaupima mtu.
Ya Kabula, anayepima presha za watu usiku kucha,
haijaulizwa tangu alipoajiriwa.
Sikujua nimwonee wivu au huruma.

Nikamtaja nahodha Magesa wa kivuko:
malori, ng'ombe, maharusi, jeneza,
roho mia tatu kwa mkupuo mmoja,
na wewe Masalu, kumi na mbili.
Ingekuwa mshahara hupimwa kwa roho,
Magesa angelala Kapripointi.
Hakuna aliyewahi kumpigia makofi
kwa kufika ng'ambo.
Masalu akakuna kidevu.
"Hata mimi," alisema, "siku hizi hawapigi."

Saa tisa usiku simu yake ikalia.
Shati ni moja; huoshwa jioni, hupigwa pasi gizani.
Akasimama mlangoni, mistari yake inang'aa,
akanong'ona, ili Kabula asisikie:
"Dada, una nauli ya boda? Hadi mwisho wa mwezi."
Nikafungua pindo la khanga.
Noti ya elfu kumi, moja, imelowa harufu ya kazi yangu.
Aliinusa. Akaitia mfuko wa kifuani, upande wa beji.

Asubuhi tulikuwa nje tunamwaga mapanki
ndege ilipokata juu ya mawe, ikageukia Bukoba.
Nyanjige akainua kisu, akanielekezea angani:
"Kaka yako yule! Nyie mmeshaukata."
Kwenye daftari la Luhende imeandikwa:
Kapteni Masalu, laki tano, ahadi.
Nikasema, "Ndiye,"
nikarudi kwenye kilo zangu.