Kanda ya Heidrun

Sikujua kuwa ni mtu mwenye jina.
Mvumi alishuka kwenye lori la mashudu,
kamba ya kiatu inaburuta,
akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni:
"Tafadhali, msalani ni upande upi?"
Tukacheka hadi Mama Mbeleje akaangusha ungo.

Shingoni kitambaa cha buluu,
mwezi wa kumi, joto la kupasua midomo.
Alisema kwa mnong'ono tu,
kama mtu aliyechelewa ibada.
Tukadhani ndiyo adabu ya kwao.

Mwaka mzima alihesabu chupa za dawa hospitalini.
Jumapili, benchi la nyuma,
midomo yake ikifuata wimbo, sauti haitoki.
Mwalimu Chilongani wa kwaya akamwambia mkewe:
"Yule haimbi. Labda haamini."

Nikaenda Dodoma kununua betri.
Soko la Majengo, kwenye meza ya kanda kuukuu,
nikamkuta:
nywele ndefu, kinywa wazi, taa zimemmwagikia,
jina kwa herufi za dhahabu.
Shilingi mia mbili na hamsini.
Nikaacha betri.

Redio ya shemeji ilikuwa inakata roho.
Sauti ikaja nzito, ikijikokota,
halafu ikapanda,
na shemeji, asiyejua neno la Kijerumani,
akaweka chini tonge la ugali na mlenda.

Nilipompelekea
aliipokea kwa mikono miwili, kama picha ya marehemu.
Akasimulia vipande vipande:
baba mpiga kinanda aliyerudi vitani na vidole saba,
yeye, mtoto, akibonyeza vile baba asivyovifikia;
kumbi, mabasi ya usiku, watu wakilia wamesimama;
mume mhesabu tiketi, akahesabu, akaondoka.
Kisha uvimbe. Akaokota punje ya uwele sakafuni:
"Hivi tu."
Kisha kisu.
"Miaka thelathini nimemwimbia. Akasema, inatosha."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kumwita Mama Mbeleje.

Wakamkalisha, wakamwekea muheme katikati ya magoti.
Alipiga kama mgonjwa anayebisha kwa daktari.
"Bisha kama mwenye nyumba!"
wakampigia kelele akina mama.
Akabisha. Viganja vikavimba,
akavitia kwenye maji ya chumvi, kesho akarudi.

Pasaka, Chilongani alimwona mbele, mstari wa ngoma,
vumbi hadi kwenye nyusi.
Hakusema kitu. Alianzisha wimbo juu zaidi ya kawaida yake.

Kanda ninayo mimi.
Aliziba vile vitundu vya juu kwa karatasi
akarekodi juu yake mwenyewe.
Upande wa kwanza bado unaanza na ile sauti, inapanda, inapanda,
na kabla haijafika,
bila hodi, muheme unaingia.

Sikiliza vizuri. Kuna pigo moja linachelewa.
Ndilo lake.